Pikipiki inapokukataa kwenye mchanga: sababu iko kwenye shingo ya fremu

Leo tuache siasa kidogo tuongee pikipiki. Mada ina hesabu mbili tatu ndani yake ila msikimbie, ni hesabu za kidato cha pili tu na nitakwenda taratibu.

Kila aliyepanda bodaboda kutoka Singida mjini kwenda vijijini anaujua ule mchezo, iwe ni njia ya Ilongero, ya Sepuka au huko Itigi kuelekea Rungwa. Mnatembea fresh kwenye barabara ngumu, mara mnaingia sehemu yenye mchanga, usukani unaanza kucheza kushoto kulia, na kabla abiria hajasema "dereva taratibu" mko chini. Mkishainuka na kujipangusa vumbi maneno ni yale yale: dereva mwoga, pikipiki ya Kichina hiyo, au hii pikipiki ina mkosi bwana.

Mimi nimekaa sana kijiweni na gereji nikisikiliza hayo maneno, halafu nikaingia kwenye intaneti kusoma wataalamu wanasemaje. Nilichoona ni kwamba mara nyingi si uwoga wala mkosi. Ni vipimo. Pikipiki imetoka kiwandani na vipimo vyake, sisi tukavibadilisha kwa mzigo, kwa gereji au kwa ajali, halafu tunashangaa haitulii. Kwa kijana ambaye pikipiki ndiyo ajira yake hili ni jambo la mguu wake na la maisha ya abiria wake, kwa hiyo tulijue vizuri.

VIPIMO VITATU VYA KUJUA

1. Mwinamo wa shingo. Shingo ni lile bomba la mbele ya fremu ambalo usukani unazungukia ndani yake. Haijasimama wima, imelala kidogo kuja kwa dereva. Pikipiki nyingi za barabarani shingo yake imelala digrii 24 mpaka 28 hivi. Zile ndefu za Kimarekani mnazoziona kwenye sinema, dereva kanyoosha miguu mbele, zinavuka digrii 30.

2. Mburuzo. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote na ndicho kisichojulikana. Wazungu wanakiita treili, mimi hapa nitakiita mburuzo. Chukua mstari wa shingo, urefushe kwa mawazo mpaka ugonge ardhi. Utagonga mbele kidogo ya pale tairi la mbele linapogusa chini. Ule umbali katikati ya alama hizo mbili ndio mburuzo. Maana yake ni kwamba tairi linaburuzwa nyuma ya mstari wa usukani.

Kama hujanielewa angalia kitanda cha hospitali chenye magurudumu. Ukikisukuma, kila gurudumu linageuka lenyewe na kufuata nyuma ya mhimili wake. Huna haja ya kulinyoosha kwa mkono. Tairi la mbele la pikipiki linafanya hivyo hivyo: ukipiga jiwe likapinda kidogo, mburuzo unalirudisha kwenye mstari. Mburuzo ukiwa mkubwa usukani unakuwa mzito na unapenda kwenda moja kwa moja. Ukiwa mdogo usukani unakuwa mwepesi na unashtuka kwa kila kokoto.

3. Urefu wa ekseli mpaka ekseli. Pikipiki zetu za bodaboda, yaani Boxer, TVS, SanLG na wenzao, ni kati ya mita 1.2 na 1.3 hivi. Zile za mashindano ya matopeni ni karibu mita 1.48. Ndefu inatulia kwenye mashimo na mchanga ila inahitaji nafasi kugeuka. Fupi inapenya foleni ya stendi kama panya lakini inarushwa haraka.

Kuna jamaa anaitwa Tony Foale, mtaalamu wa fremu aliyeandika kitabu kizima juu ya haya mambo. Aliwahi kuchukua BMW R75/5 akaisimamisha shingo yake, hatua kwa hatua, mpaka ikawa wima kabisa, digrii sifuri, lakini akahakikisha mburuzo haupotei. Watu walitegemea haitaendesheka. Iliendesheka, tena usukani ulikuwa mwepesi na umetulia. Funzo ni kwamba mwinamo unaonekana kwa macho lakini mburuzo ndio unaofanya kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana fundi akikwambia "shingo iko poa hii, naiona kwa macho", muulize mburuzo ni sentimita ngapi.

MCHANGA UNAFANYA NINI

Kwenye lami tairi la mbele linagusa chini kipande kidogo tu, na kipande hicho kipo nyuma ya mstari wa shingo. Mambo safi. Ukiingia kwenye mchanga tairi linazama, linaanza kulima kama jembe, na mchanga unajaa MBELE ya tairi. Sasa nguvu inayolisukuma tairi haitoki tena chini peke yake, inatoka mbele. Yaani ni kama mtu amechukua ule mburuzo wako akaupunguza ghafla bila kugusa hata nati moja. Ukilima sana unaisha kabisa, na tairi likipinda kidogo, badala ya kurudi linazidi kupinda. Hapo ndipo usukani unapokukwepa mkononi.

Ndiyo maana ukifunga breki ya mbele mchangani unaanguka. Breki inahamishia uzito mbele, tairi linazama zaidi, linalima zaidi. Na ndiyo maana wazoefu wanakwambia sogea nyuma kwenye kiti, shika mafuta kidogo, usiachie. Uzito ukirudi nyuma tairi la mbele linaelea juu ya mchanga badala ya kulima. Wengi wanajua kufanya bila kujua sababu, leo mmeijua.

WENZETU WA THELUJI

Sasa niwapeleke mbali kidogo halafu tutarudi Singida. Theluji sisi tunaiona kwenye picha za Kilimanjaro, lakini Marekani na Kanada kuna watu wanaendesha pikipiki juu ya theluji laini yenye kina cha kumzamisha mtu mpaka kiunoni. Hawatumii tairi. Wanachukua pikipiki ya matopeni ya kawaida, wanatoa gurudumu la mbele wanafunga ubao mpana wa kuteleza, wanatoa gurudumu la nyuma wanafunga mkanda wenye meno kama wa katapila. Kampuni iliyotangaza sana mtindo huu ni Timbersled ya jimbo la Idaho, ambayo mwaka 2015 ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Polaris.

Nawataja kwa sababu theluji laini na mchanga mkavu ni ndugu: vyote vinazamisha, vyote vinajaa mbele. Na wao wamelazimika kufikiria jiometri upya, kwa sababu ukishatoa gurudumu umevuruga kila kipimo nilichotaja hapo juu.

Kwanza kimo. Gurudumu la mbele la pikipiki hizo ni kubwa, inchi 21 kwenye rimu. Ukifunga ubao mfupi kwa kimo kuliko gurudumu, pua ya pikipiki inashuka, shingo inasimama wima zaidi, mburuzo unabadilika. Kwa hiyo kile chuma kinachoshika ubao lazima kiwe na kimo kinachoirudisha pua mahali pake.

Pili, mahali ubao unapokamata. Ubao ni mrefu na chini yake una ukingo unaochana theluji ili uweze kukata kona. Kama sehemu kubwa ya ukingo inayokamata ipo mbele ya mstari wa shingo, usukani unapindishwa. Ikiwa nyuma, usukani unajinyoosha wenyewe. Ni mburuzo ule ule, umebadilisha nguo tu.

Tatu, mkanda wa nyuma ni mrefu, unagusa chini eneo kubwa na kuifanya pikipiki iwe kama ndefu zaidi. Inatulia mno kwenda mbele, ila kugeuka inabidi uilaze kwa mwili, usukani peke yake hautoshi.

Angalieni basi: wenzetu wakibadilisha kitu kimoja mbele wanakaa chini kupima kitu kingine nyuma. Sisi je?

GUNIA NA HESABU YA BEMBEA

Turudi nyumbani. Singida ni vitunguu, alizeti, kuku na mkaa, na vingi vinatoka shambani mgongoni kwa pikipiki. Mnakumbuka ile mada ya momenti kwenye fizikia, bembea ya ubao, mtoto mzito akikaa mbali anamnyanyua mwenzake? Pikipiki yenye mzigo ni bembea hiyo, na ekseli ya nyuma ndiyo jiwe la katikati.

Chukua mfano. Pikipiki kilo 120, dereva kilo 65, jumla 185. Tuseme tairi la mbele linabeba kilo 80 na la nyuma 105. Urefu wa ekseli mpaka ekseli sentimita 128. Sasa pakia gunia la kilo 100.

- Katikati ya gunia ikiwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma: mbele inabaki kilo 80, nyuma inakuwa 205.
- Gunia likirudi nyuma ya ekseli sentimita 25: 100 mara 25 gawanya kwa 128 ni karibu kilo 20. Mbele inabaki kilo 60, nyuma 225.
- Likirudi sentimita 50, kwa sababu mbele yake umempakia na abiria aliyelisukuma: mbele inabaki kilo 41 hivi, na hapo huyo abiria hata sijamhesabu. Yaani tairi la mbele limepoteza karibu nusu ya uzito wake.

Hapo gunia lenyewe ni halali. Likiwa lumbesa ndio usiseme. Halafu ukute unapanda Mlima Sekenke pale Iramba, mwinuko nao unarudisha uzito nyuma. Usukani unakuwa kama wa baiskeli ya mtoto, unageuza lakini pikipiki haigeuki.

Na si uzito tu. Shokapu za nyuma zikilala, pikipiki nzima inainua pua na shingo inalala zaidi. Nimepiga hesabu kwa pikipiki ya mfano yenye tairi la mbele la nusu kipenyo sentimita 28.5, shingo digrii 26, na ekseli iliyo mbele ya mstari wa shingo kwa sentimita 4.5:

- Bila mzigo: mburuzo karibu sentimita 9.
- Nyuma imelala sentimita 5 kwa gunia: mburuzo unapanda mpaka sentimita 10 na ushee.
- Nyuma imenyanyuliwa sentimita 3 gereji: mburuzo unashuka mpaka 8 hivi.

Sasa hapa kuna mtego. Kwenye mchanga, pua nyepesi na mburuzo mkubwa ni msaada, pikipiki inaelea. Ndiyo maana dereva anatoka shambani na gunia anajiona fundi, mchanga wote ameuvuka salama. Akifika lami anaongeza mwendo kwa kujiamini, kumbe huku pua nyepesi ni adui: breki ya mbele haina uzito wa kushikia, kona haikatwi, upepo wa lori ukipita usukani unaanza kutetemeka. Pikipiki ile ile, mzigo ule ule, barabara imebadilika. Ajali haiko mchangani peke yake.

MAUFUNDI YETU YA GEREJI

Kunyanyua nyuma. Watu wanaongeza kipande cha chuma juu ya shokapu au wanafunga za pikipiki nyingine ili isilale na mzigo. Ukiwa na mzigo inasaidia kweli, inarudisha mburuzo mahali pake. Tatizo ni siku huna mzigo. Nyuma iko juu, pua chini, mburuzo umepungua, na wewe unaingia mchangani unakimbiza abiria wa mwisho. Afadhali shokapu zenye springi ya kukaza na kulegeza, ukaze ukiwa na mzigo, ulegeze ukimaliza.

Kubadilisha gurudumu la mbele. Ukitoa la inchi 17 ukaweka la 18 mbele peke yake, kwa pikipiki ile ya mfano mburuzo unakaribia sentimita 10. Kwenye vumbi utafurahi, tairi kubwa linapanda mashimo vizuri. Ila angalia lisije likagusa madigadi shokapu zikizama, hasa masika, udongo wa mbuga ukiganda ndani gurudumu linagoma kuzunguka.

Kurefusha mkono wa nyuma unaoshika tairi. Hii inasogeza ekseli nyuma ili gunia likae mbele yake zaidi, na kwa hesabu ya bembea ni wazo zuri. Ila sehemu ya kulehemu ndiyo inayobeba kila kitu. Ikikatika ukiwa mwendo kasi hakuna hesabu itakayokuokoa.

PIKIPIKI ILIYOWAHI KUGONGA

Hapa ndipo naomba vijana wenzangu mnisikilize. Wengi wetu tunaanza kwa pikipiki ya mkataba: tajiri anakupa, unamletea hesabu kila siku au kila wiki, mkataba ukiisha inakuwa yako. Nyingi si mpya. Imegonga, imenyooshwa, imepigwa rangi, imewekwa stika, inang'aa.

Pikipiki ikigonga kwa mbele mambo mawili hutokea. Zikipinda shokapu tu, ekseli inarudi nyuma, mburuzo unaongezeka na usukani unakuwa mzito. Ikisukumwa shingo yenyewe, inasimama wima, mburuzo unapungua na usukani unakuwa mwepesi wa kushtukashtuka. Ikijipinda kwa ubavu, inavuta upande mmoja. Wewe dereva mpya unadhani ndivyo ilivyo, unaizoea, mpaka siku ya mchanga au siku ya breki ya ghafla. Ukianguka lawama ni zako, na hesabu ya tajiri iko pale pale.

Kabla hujaweka sahihi, pima. Huhitaji mashine, unahitaji uzi, rula na simu:

1. Nyoosha usukani. Pima kwa uzi kutoka kwenye bolti linaloshika mkono wa nyuma kwenye fremu mpaka katikati ya ekseli ya mbele, kushoto halafu kulia. Vipimo vilingane. Visipolingana, kuna kitu kimepinda.

2. Vuta uzi mrefu ukiwa umegusa tairi la nyuma upande mmoja mpaka mbele, fanya hivyo na upande wa pili. Tairi la mbele likae katikati ya nyuzi mbili, nafasi sawa kila upande. Kabla ya kulaumu fremu, angalia kama cheni haijakazwa upande mmoja zaidi.

3. Angalia chini ya tangi pale shingo inapoungana na fremu. Rangi iliyopasuka, mikunjo ya chuma au alama ya kulehemu ambayo hailingani na za kiwandani, achana nayo.

4. Weka stendi ya kati, mwenzio akandamize nyuma ili tairi la mbele linyanyuke. Shika shokapu kwa chini, vuta na kusukuma. Zikicheza, beringi za shingo zimelegea au zimekufa. Hizi ni bei ndogo kuliko gypsum ya mguu.

5. Kupima mburuzo: simamisha pikipiki wima sehemu tambarare, rudi nyuma hatua kama 6, piga picha ya ubavu kwa simu iliyo kwenye kimo cha ekseli. Ifungue kwenye kompyuta, hata ile programu ya Paint inatosha. Chora mstari kupitia katikati ya shingo mpaka chini, chora mwingine wa wima kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka chini. Pima nafasi kati yao, halafu linganisha na kipenyo cha tairi ambacho unakijua. Picha haitakupa jibu la milimita, lakini ukilinganisha na pikipiki nyingine ya aina ile ile ambayo haijagonga utaona tofauti.

KWA UFUPI

Mchangani: uzito nyuma, mafuta kidogo yasikatike, breki ya mbele iache, usukani ushike bila kuukaba. Kwenye lami ukiwa na mzigo: mwendo upunguze, breki anza mapema, na gunia lisogezwe mbele kadiri linavyoweza, katikati yake isivuke ekseli ya nyuma. Abiria mmoja. Mishikaki si suala la trafiki peke yake: mtu wa tatu ndiye anayekaa nyuma ya ekseli na kulipokonya tairi la mbele uzito wake.

Na tajiri mwenye pikipiki kama unasoma hapa, kunyoosha shingo na kuipiga rangi si matengenezo. Kijana unayempa funguo ana mama yake.

Mafundi na madereva mliopo, mnaojua mchanga wa Itigi na matope ya Wembere kuliko mimi, tieni maoni hapo chini. Hasa waliowahi kupima mburuzo wa pikipiki zao kwa picha, semeni mmepata sentimita ngapi na ni pikipiki gani, tulinganishe. Tuko pamoja.